Songwe hadi Lilongwe na familia

SWALI: Nina leseni ya urubani. Nataka kumpeleka mama watoto na wanetu wawili Lilongwe kwa Cessna 172 (ndege ndogo ya viti vinne), twende na kurudi siku hiyo hiyo. Nizingatie nini? – Msomaji, Mbalizi

JIBU: Ndugu msomaji, vibali, bima na pasipoti (za watoto pia) vinajulikana. Kinachosumbua ni uzito. Uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, uko futi 4,400 hivi juu ya usawa wa bahari; joto likifika nyuzi 28, hewa huwa nyepesi kama ya futi 7,000. Injini hukosa nguvu, ndege hula njia ndefu kabla ya kunyanyuka. Watu wanne na matangi yaliyojaa havipatani, kwa hiyo pima kila mtu, hata mkoba wa mama. Ondoka saa 1 asubuhi. Ni kilomita kama 540, karibu saa 3 angani. Masika, mawingu ya alasiri huifunga milima ya njiani: usijaribu kupenya.