Mkanda wa jeshi umekauka, miguu imekufa

SWALI: Dokta, shikamoo. Mwezi wa saba, wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, nilitokwa na malengelenge upande wa kulia, kuanzia chini ya titi hadi mgongoni. Nikadhani ni salfa. Zahanati wakasema mkanda wa jeshi, wakanipa dawa ya kupaka, yakakauka. Siku kumi baadaye miguu ikawa mizito. Sasa ndala inachomoka mguuni nisijue, mpaka nigeuke niione imebaki nyuma. Kuanzia kitovuni kwenda chini ni ganzi. Mkojo nausimamia hadi nachoka, yanatoka matone. Nyumbani wanasema nimetegwa, wananikanda kwa maji ya moto.
Mkulima, Tandahimba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wasomaji wajue kwamba huyu nilimpigia simu siku ileile, maana jarida hutoka kwa mwezi na kibofu hakisubiri mwezi. Nilimwambia mawili: aende hospitali ya rufaa leo, na waache kumkanda. Ngozi yenye ganzi haiyajui maji ya moto. Nikiwa Lindi nilimpokea mtu aliyebabuka mapaja yote mawili kwa huruma ya nduguze.

Umetegwa, ndiyo, ila na tetekuwanga. Kirusi chake hakitoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, kando ya uti wa mgongo. Kinga ikipungua, kwa umri, VVU au maradhi mengine, huamka na kufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi, ndiyo maana mkanda hukaa upande mmoja. (Habari ya kwamba ukizunguka ukakutana mtu anakufa, iacheni.) Mara chache kirusi hushika njia ya ndani, kikaingia kwenye uti wenyewe, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya mifupa ya mgongo, ukavimba. Hapo miguu na kibofu havipati tena amri ya ubongo. Kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri nacho huweza kufanya hivyo.

Watakuwekea mpira wa mkojo kwanza, usione haya. Watapima VVU, tena watafute kichocho na TB ya mgongo, kwani vyote hivyo huweza kupoozesha miguu. Wakikupiga eksirei ikawa safi, usirudi nyumbani: eksirei inaonyesha mifupa, uti unaonekana kwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku.

Ugomvi utakuja kwenye kutolewa maji ya mgongo. Najua ndugu watasema ndiyo yanayopoozesha. Uti wa mtu mzima unaishia juu kidogo ya kiuno, na sindano huchomwa chini yake. Kubali. Maji hayo ndiyo hupimwa kama kirusi kimo.

Dawa ni asiklovia ya kupitia mshipani, kwa kawaida miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 8, wiki mbili hivi, na wengi huongezewa steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Ianze bila kusubiri majibu ya maabara. Ya kupaka haifiki huko. Mwenye mkanda mpya asingoje ukauke: vidonge hufaa zaidi vikianza ndani ya saa 72.

Utatembea? Wapo wanaorudi shambani, wapo wanaobaki na fimbo, na huchukua miezi. Sikuahidi kitu. Kwa sasa ndala ziweke kando, vaa viatu vyenye mkanda wa nyuma, na kila jioni mkeo akumulikie nyayo kwa tochi, atafute mwiba.