Tazameni Kitako Kabla ya Kufunga Filta

Wadogo zangu wa gereji, juzi nilimwona mmoja wenu akifungua filta ya oili, akaitupa kwenye pipa bila kuitazama mdomo, kisha akafunga mpya huku anaongea na simu. Nilimzuia akiwa ameshashika ufunguo wa kuwashia. Kwa kuwa jambo hili hurudi kila anapoingia mwanagenzi mpya, naliandika leo ili nipumzishe koo.

1. Mwageni oili injini ikiwa na uvuguvugu, ili ishuke pamoja na uchafu wake.

2. Filta ya zamani ikitoka, igeuzeni mwone kama imetoka na raba yake. Hapa ndipo nilipojifedhehesha. Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa Hiace ya abiria, ambayo mwenyewe alitaka iwahi zamu ya jioni. Filta iling'ang'ania, nikaizungusha kwa spana ya mkanda mpaka ikaachia, lakini raba ikabaki imeganda kwenye kitako, pale filta inapokalia kwenye injini, nyeusi juu ya weusi, bapa kama iliyochorwa. Nikafunga filta mpya juu yake, nikajaza oili, nikawasha. Taa ya oili ilizimika, sailensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga moto, ikatulia, nami nikajisifu kimoyomoyo. Mwenye gari alipokanyaga moto kuondoka, presha ilipanda, raba ya juu ikateleza, na oili ikaruka kama maji ya bomba lililokatwa na greda. Yeye aliyekuwa akiimba na redio hakuiona taa nyekundu hadi injini ilipoanza kugonga, na tulipoifungua, beringi zilikuwa zimelika na krenki imekwaruzika. Fundi mkuu hakunifokea. Aliniwekea kiganjani raba mbili zilizoshikana kama chapati zilizokosa mafuta, akauliza, "Hii ya pili ni ya nani?" Mpaka leo sijamjibu.

3. Pakeni raba mpya oili safi kwa kidole, zungusheni filta kwa mkono, na raba ikigusa kitako ongezeni kama robo tatu ya mzunguko, isipokuwa boksi lake likielekeza vingine. Spana ya mkanda ni ya kufungulia. Anayekazia nayo humwachia mwenzake filta ya kutobolewa kwa bisibisi, na mwenzake huyo huwa ni mimi, nimelala chali, oili ikinichirizikia kwapani.

4. Mteja akisema filta yake kuukuu "bado inapitisha", mwambieni hilo ndilo tatizo: ikiziba, vali yake ya dharura hufunguka, oili ikazunguka bila kuchujwa wala taa haiwaki.

5. Jazeni oili mpya, washeni, taa ikizima ingieni chini na tochi mkague ukingo wa filta, pigeni resi kidogo, mkague tena. Zimeni, subirini dakika chache, chomoeni stiki ya kupimia oili. Kipimo kitakuwa kimeshuka kwa sababu filta nayo imejaza tumbo lake, basi ongezeni kidogo kidogo. Simu ikiita wakati huo, iacheni iite.