Re: Kulala saa tatu kwa siku, mwili utazoea?

Ndugu yangu wa Shela, umeuliza kama mwili utazoea saa tatu za usingizi, maana usiku uko baharini na mchana uko dukani. Hauzoei. Unachozoea ni kutojiona umechoka, na hapo ndipo penye hatari.

Nami nimevua usiku miaka. Alfajiri moja tunarudi upande wa Manda, usukani mkononi mwangu, nilipozinduka mashua imeshapanda fungu. Sikumbuki kusinzia hata kidogo. Ubongo uliokosa usingizi hujizima sekunde chache bila kukuomba ruhusa. Mtu aliyekesha saa 17 mfululizo huwa mzito wa kuitikia jambo kama aliyekunywa pombe, hata kama hajaionja maishani.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Ukipunja kila siku, presha hupanda, sukari huvurugika, kinga hushuka, na njaa huzidi (mahamri sita asubuhi, umesema mwenyewe!).

Kahawa chungu ya barazani haiondoi usingizi, inauficha tu. Baada ya kama saa 5, nusu ya kafeini bado unayo mwilini. Usiinywe ukikaribia kulala.

Ukirudi pwani, ziba dirisha kwa shuka nzito, simu iache chumba kingine, duka mwachie kijana hadi adhuhuri. Punda wa jirani sina dawa yake.

Ila hilo la kukoroma hadi pumzi zinakwama, kama wanavyolalamika nyumbani, usingoje ushauri wetu hapa. Nenda ukapimwe.