Maswali ya Pesa: Mfuko wa "Hisa za Kanada" na Kilichomo Ndani

Safari hii barua nyingi kutoka Kanada zimegusa jambo moja: mifuko ya hisa yenye jina la Kanada ambayo ndani ina pia hisa za Marekani, Ulaya na Japani. Tumejibu tano. Dola zote humu ni za Kanada.

Benki imeniuzia mfuko wa hisa za Kanada. Nilipotulia nikaisoma karatasi yake, nikakuta karibu theluthi ni kampuni za Marekani. Wamenidanganya? – Msomaji, Edmonton

Hapana kaka, mfuko wa namna hiyo ni halali na wa kawaida. Kamati inayopanga mifuko ya Kanada kwa makundi, CIFSC, huweka kundi moja kwa mifuko ambayo angalau 90% ya hisa zake ni za Kanada, na kundi jingine kwa ile yenye kati ya 50% na 90%. Wako uko katika kundi la pili. Tatizo ni kwamba jina la mfuko halikuambii uko kundi gani.

Dawa ni kusoma hati iitwayo Fund Facts, ambayo muuzaji anatakiwa akupe kabla hujanunua. Nenda moja kwa moja kwenye orodha ya hisa kumi kubwa, halafu mgawanyo wa uwekezaji, halafu ada. Ukimaliza, tafuta prospektasi ya mfuko, yaani hati ndefu ya kanuni zake, katika tovuti ya SEDAR+ inakohifadhiwa uone kiwango cha juu cha hisa za nje kinachoruhusiwa. Hati ya kwanza inaonyesha hali ya siku moja tu. Meneja mwenye ruhusa ya kufika 49% anaweza kuwa na 30% leo na 45% mwakani bila kukuomba kibali.

Na kwa nini mfuko wa Kanada utoke nje? Soko la Kanada ni takriban 3% tu ya thamani ya masoko ya hisa duniani, na limeegemea upande mmoja. Katika fahirisi ya S&P/TSX Composite, yaani kipimo cha soko la hisa la Toronto, benki na bima peke yake ni karibu theluthi. Ongeza mafuta, gesi na migodi, unakaribia theluthi nyingine. Kampuni za dawa na tiba karibu hazipo. Mwaka 2000 kampuni moja, Nortel, ilifikia zaidi ya theluthi ya fahirisi ya Toronto, na Januari 2009 ikaomba ulinzi wa mufilisi. Aliyefuata fahirisi ile aliumia bila kuwa amechagua hisa hiyo kwa mkono wake.

Sababu nyingine ni ya kisheria. Hadi mwaka 2005, akaunti ya akiba ya uzeeni, RRSP, haikuruhusiwa kuwa na zaidi ya 30% ya mali ya nje. Mameneja wengi walizoea kuijaza nafasi hiyo. Kwa hiyo ukikuta mfuko wa zamani wenye 70 kwa 30, usidhani mgao huo ni matokeo ya utafiti wa kina. Sheria iliondoka, mazoea yakabaki.

Nina mfuko huo wa Kanada wenye hisa za nje, na pia nina mfuko wa dunia nzima. Mshauri anasema nimetawanya vizuri. Nitahakikishaje? – Dada wa Hamilton

Chukua kalamu, dada. Tuseme wa kwanza una $30,000: 65% Kanada, 25% Marekani, 10% kwingineko. Wa pili una $20,000, na Kanada ndani yake ni 3%. Kanada yako ni $19,500 kutoka wa kwanza na $600 kutoka wa pili, jumla $20,100, yaani 40% ya $50,000 zako. Rudia hesabu kwa Marekani. Kisha weka orodha mbili za hisa kumi kubwa ubavu kwa ubavu. Mara nyingi kampuni zile zile za teknolojia za Marekani zimo kote kuwili, na unamlipa meneja wa pili kukununulia ulichonacho tayari.

Maoni yetu: mfuko mchanganyiko unamfaa mtu anayetaka mfuko mmoja tu, asiguse tena. Ukishaongeza wa pili, ule mchanganyiko unakuvuruga, kwa sababu kila meneja akihamisha fedha, mgao wako unabadilika bila wewe kujua. Mwenye mifuko miwili ni bora awe na wa Kanada tupu na wa nje tupu, aamue mwenyewe uwiano wao, na kuurekebisha mara moja kwa mwaka kwa kuelekeza michango mipya upande uliopungua. Hapo hahitaji kuuza, kwa hiyo hachokozi kodi.

Ada ya 2.2% kwa mwaka ni kubwa? Sijawahi kuona ankara yake. – Msomaji, Ottawa

Ni kubwa, na huoni ankara kwa sababu inakatwa ndani ya mfuko kabla thamani ya kipande haijatangazwa. Kwa $40,000 ni $880 kila mwaka, soko lipande lishuke. Chukua $10,000 kwa miaka 20, tukikadiria ukuaji wa 6% kabla ya ada. Kwa ada ya 0.2% unafikia takriban $30,900. Kwa 2.2%, takriban $21,100. Karibu $9,800 zimekwenda kwenye ada na kwenye faida ambayo ada hiyo ingezaa.

Mara nyingi ndani ya ada hiyo mna kamisheni ya kila mwaka, kwa kawaida kama 1% kwa mifuko ya hisa, inayokwenda kwa aliyekuuzia. Kama anakupangia kodi, bima na akiba ya watoto, huenda anastahili. Kama hamjaongea tangu siku ya kusaini, unalipia huduma usiyoipata. Muulize kuhusu vipande vya daraja F, ambavyo havina kamisheni hiyo, au ufungue akaunti ya kujihudumia ununue ETF, yaani mfuko ambao vipande vyake vinauzwa soko la hisa. ETF zinazofuata fahirisi ya Kanada zipo kwa chini ya 0.1%.

Kabla ya kuhama uliza mambo mawili: kama kuna faini ya kuuza mapema (mifuko mingi hutoza 2% ukiuza ndani ya siku 30), na kama akaunti yako ni ya kawaida, faida yako ni kiasi gani. Nusu ya faida hiyo itaingia kwenye kipato cha kutozwa kodi. Ndani ya RRSP au TFSA (akaunti ya akiba ambayo faida yake haitozwi kodi) hakuna kodi ya kuhama.

Niliingia Kanada 2021. Jamaa kaniambia nina nafasi ya TFSA ya zaidi ya $100,000, niweke mfuko huu wote humo. Pia nasikia Marekani inakata kodi hata ndani ya TFSA. – Msomaji, Winnipeg

Usiweke! Hesabu ya $102,000 hadi mwaka 2025 ni ya mtu aliyekuwa mkazi na mwenye miaka 18 tangu TFSA ianze mwaka 2009. Nafasi yako inaanza mwaka ulioingia: $6,000 kwa 2021, $6,000 kwa 2022, $6,500 kwa 2023, na $7,000 kwa 2024 na tena kwa 2025. Jumla hadi 2025 ni $32,500. Ukizidisha $20,000, adhabu ni 1% kwa mwezi, yaani $200 kila mwezi hadi uzitoe. Hakikisha nafasi yako katika akaunti yako ya mamlaka ya kodi, CRA, na ulinganishe na kumbukumbu zako, maana taarifa za taasisi huchelewa kufika huko. Kosa jingine tunaloliona mara kwa mara: kutoa fedha na kuzirudisha mwaka huo huo. Nafasi ya ulichotoa inarudi Januari inayofuata.

Kuhusu hiyo kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla gawio halijakufikia, ni kweli: Marekani inakata 15% ya gawio. Msamaha upo ndani ya RRSP, lakini kwa hisa za Marekani au ETF iliyoorodheshwa Marekani unayoimiliki moja kwa moja. Mfuko wa Kanada unaoshika hisa hizo haupati msamaha, hata ukiwa ndani ya RRSP. Ila pima uzito wake: mfuko wa $40,000 wenye 30% Marekani una $12,000 huko. Gawio likiwa 1.5%, ni $180, na kodi yake $27 kwa mwaka. Madalali wengi hula zaidi ya hapo kwa mara moja tu ya kubadili dola za Kanada kuwa za Marekani. Kwa kiasi hicho, acha ulivyo.

Katika akaunti ya kawaida, zuio hilo unaweza kulidai kama punguzo la kodi za nje. Mfuko wa Kanada hauhesabiwi kwenye T1135, fomu ya kuiarifu CRA mali zako za nje, hata ukiwa umejaa hisa za Marekani. Lakini ETF iliyoorodheshwa Marekani inahesabiwa ikiwa nje ya RRSP na TFSA, na nyumba ya kupangisha uliyoijenga Kitengela au Kigamboni vilevile. Gharama ya yote ikizidi $100,000, lazima ujaze. Faini ya kuchelewa ni $25 kwa siku, hadi $2,500.

Nachagua wenye kinga ya sarafu au usio nayo? Na nikirudi Mombasa mwakani, mfuko utakuwaje? – Mzee wa Toronto

Shikamoo mzee. Kwa hisa za muda mrefu tunapendelea usio na kinga, yaani ule usiozuia athari za kupanda na kushuka kwa dola. Masoko yakiporomoka, dola ya Kanada mara nyingi hushuka pia, na kwa hiyo hisa za Marekani zikihesabiwa kwa dola hiyo, hasara yake inapungua. Mwaka 2008 dola ya Kanada ilianza karibu sawa na ya Marekani, ikamaliza mwaka kwenye takriban senti 82. Mwenye kinga aliikosa nafuu hiyo, na kinga yenyewe ina gharama.

Kuhusu kurudi: ukikoma kuwa mkazi, usichangie tena TFSA, kwani kila mchango unatozwa 1% kwa mwezi. Vipande vilivyo katika akaunti ya kawaida vinahesabiwa kama vimeuzwa siku ya kuondoka, na faida yake inalipiwa kodi. RRSP na TFSA haziguswi na kanuni hiyo. Ukitoa RRSP yote kwa mkupuo ukiwa nje, kwa kawaida wanazuia 25%. Madalali wengi hawamruhusu asiye mkazi kununua vipande vipya, na wengine hufunga akaunti. Muulize wako kwa maandishi miezi kadhaa kabla ya tiketi: nikiwa na anwani ya Kenya, naruhusiwa kushika nini, kuuza nini, na fedha zitatumwa benki gani?