Maswali ya Wasomaji: Bugobogobo, nihesabu au nisikilize?

SWALI: Nasoma shahada ya umahiri, na tasnifu yangu ni kuhusu bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Nataka kujua kwa nini kundi moja huvuta watu kuliko jingine kwenye mashindano ya Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, kule Bujora karibu na Mwanza. Msimamizi wangu anataka dodoso 200. Mimi naona ngoma haipimwi kwa namba. Nifuate mkabala wa kitakwimu au wa kimaelezo?
Msomaji, Magu

JIBU: Kuhesabu, Wasukuma wenyewe wamekutangulia. Siku ya Bulabo, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani, hucheza kwa wakati mmoja, na aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Ila hesabu hiyo inajibu nani kashinda, na wewe umeuliza kwa nini. Mchezaji atakwambia ni ufundi wa jembe, shabiki atasema ni nyimbo, mzee atakutajia dawa ya mvuto. Hayo huyapati kwenye dodoso. Maelezo ndiyo yabebe tasnifu, namba ziyasaidie.

Zile 200 yaelekea zimetoka kwenye kanuni ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli: kwa watu 400 na kosa la 0.05, unapata 400 ÷ (1 + 400 × 0.0025) = 200. Hesabu ni sahihi, ila huwezi kuitumia pale. Kanuni hiyo inataka orodha ya watu wote, uchague kwa nasibu. Umati wa ngoma hauna orodha, tena watu wanahama duara hili kwenda lile. Utaishia kuwajazia waliosimama karibu nawe, yaani mashabiki wa upande mmoja. Na ukimuuliza mtu kama ngoma inavutia, kwa heshima ya mgeni mwenye daftari atakujibu "nakubali sana".

Umati uhesabu kwa picha. Panda mahali pa juu, kwani ukiwa chini safu ya mbele inaficha ya nyuma. Kila baada ya dakika 10 piga picha ya kila duara, zote ndani ya dakika hiyohiyo, kisha ichore miraba na uhesabu vichwa mraba kwa mraba. Pembeni andika kilichokuwa kinatokea: majembe yamerushwa, nyoka katolewa, wimbo umebadilishwa. Namba inapopanda ghafla, hapo ndipo pa kwenda kuulizia.

Kwa mahojiano, anza na watu 12: ningi anayetunga na kuongoza nyimbo, wachezaji, na hasa watazamaji waliohama duara. Waonyeshe video. Mtu akicheka au akitikisa kichwa, isimamishe na umuulize, "Hapa kuna nini?" Ukianza na "Kwa nini unapenda bugobogobo?" utapewa hotuba ya "ni utamaduni wetu". Ongea Kisukuma, na maneno ya sifa na ya kejeli yaache kwa Kisukuma hata kwenye nukuu. Saa moja ya sauti huchukua kama saa 5 kuiandika, kwa hiyo mahojiano 12 ya saa moja moja ni saa 60. Wanafunzi wengi hukwama hapo. Mahojiano matatu mfululizo yasipoleta jipya, simama.

Ukitaka kuhesabu mirusho ya majembe kwenye video, wahesabu watu wawili, kila mmoja peke yake. Kappa ya Cohen, yaani kipimo cha jinsi wahesabu hao wanavyokubaliana, ikiwa chini ya 0.6, kwanza kagueni maelezo yenu: jembe lililorushwa likaanguka chini, ni mrusho au si mrusho?

SWALI: Kikundi ninachokitafiti kina wachezaji 24. Sampuli iwe wangapi?

JIBU: Ongea na wote. Wala usiandike asilimia. Kwa watu 24, mmoja akibadili jibu, asilimia yako inasogea kwa zaidi ya 4. Andika "17 kati ya 24".