Uzi mnene usiogeuka kamba: tafuta hewa, usiongeze manyoya

Mkuu, umeuliza kwa nini kila ukijaribu kusokota uzi mnene wa sweta unatoka mgumu kama kamba, na sweta likiisha linakuwa zito ajabu. Umesema pia kwamba umezoea uzi mwembamba na sufu unayotumia umeinunua ikiwa imeshachanwa. Basi jibu umeshalitaja mwenyewe.

Mtu wa uzi mwembamba akitaka mnene hushika manyoya mengi zaidi, basi. Kwenye gurudumu la kusokotea mguu unaendelea na mwendo uleule, puli ileile (kile kigurudumu kidogo kinachozungushwa na mkanda), kwa hiyo msokoto unabaki mwingi kama zamani. Lakini uzi kadiri unavyonenepa ndivyo unavyohitaji msokoto mchache ili ushike. Ukizidisha, nyuzinyuzi zinabanana na hewa yote inatoka. Unene wa sweta zuri ni wa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayohifadhi joto.

Anza na maandalizi. Sufu iliyochanwa kwa chanuo ina nyuzinyuzi ndefu zilizolala sambamba, fupi zimeondolewa. Inatoa uzi wa kung'aa, imara, uliotulia, soksi zitakushukuru. Kwa sweta la kujaa ni afadhali uchambue manyoya kwa brashi mbili za meno ya waya, kisha uyaviringishe yawe soseji nyepesi. Humo nyuzinyuzi zimekaa kwa kuzunguka, na zikisokotwa zinasukumana. Kama huna brashi, sufu uliyonayo bado inafaa: chomoa kishungi, kikunje juu ya kidole cha shahada, usokote kuanzia pale kwenye mkunjo. Haufikii uzi wa soseji, ila unasogea karibu sana.

Sasa mikono, na hapa ndipo penye kazi. Acha kuteleza vidole juu ya uzi ili uulainishe. Kule kuteleza ndiko kunakofukuza hewa. Mkono wa mbele ubane kidogo tu, wa nyuma ushike soseji kwa ulegevu na urudi nyuma taratibu huku msokoto ukiingia kwenye manyoya. Utaona uzi una vinundu, na hapo wengi huogopa wakaacha. Endelea kuvuta. Msokoto hukimbilia mahali pembamba, pakakaza pakawa hapavutiki tena. Penye nundu pana msokoto kidogo, kwa hiyo ndipo panapolegea na kurefuka mpaka uzi wote ulingane. Ukishalingana, ruhusu msokoto kidogo wa kuufunga, kisha uachie uingie kwenye bobini, yaani kibiringi kinachokusanya uzi. Ukichelewa kuvuta, msokoto unajaa na nundu haliondoki tena. Mguu uende polepole kuliko unavyodhani ni polepole.

Gurudumu lenyewe liwekee puli kubwa kuliko zote ulizonazo. Uwiano wa 6 kwa 1, yaani uzi kusokotwa mara 6 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, unakupa nusu ya msokoto wa 12 kwa 1 kwa mwendo uleule wa mguu na mkono. Halafu kaza mvuto wa bobini, uzi umezwe haraka. Angalia na tundu la kupitishia uzi: likiwa dogo, uzi mnene unakwama pale, na wakati umekwama unaendelea kusokotwa.

Tena usilazimishe unene wote kwenye uzi mmoja. Mimi napenda nyuzi tatu za unene wa kati zilizopotwa pamoja, kwa upande ulio kinyume na wa kusokota. Uzi wa tatu unakuwa wa duara, fundo za sweta zinajaa, na hauchubuki upesi kama uzi mmoja uliolegea. Ukitaka kujua utakavyokuwa, vuta kipande kilichotoka kusokotwa sasa hivi, kikunje, kijipote chenyewe. Usitumie kilicholala kwenye bobini tangu jana, maana msokoto wake umeshatulia na utakudanganya.

Kuhusu kuwasha shingoni, hilo ni la kondoo zaidi kuliko la msokotaji. Ncha za nyuzinyuzi zinazozidi unene wa mikroni 30 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ndizo zinazochoma ngozi. Sufu ya kondoo wa Merino iko chini ya hapo, ila ikisokotwa kwa kulegea hutoa vipele vya manyoya juu ya sweta haraka. Ya kondoo wa Southdown haina umaarufu wa Merino, lakini inadunda, na haishikamani ovyo ukiifua.

Usiuhukumu uzi kabla ya kuuosha. Maji ya moto na sabuni, ukamue-kamue kidogo, uhamishie kwenye maji baridi, kisha ukung'ute kwa nguvu na uuanike bila kuufungia uzito. Unavimba mbele ya macho yako. Hapo ndipo uuzungushie kwenye rula: mizunguko 7 au 8 kwa kila inchi ni uzi mnene wa kweli.

Ule ulioharibika, kama ugumu umetokana na kupotwa kupita kiasi, upitishe tena kwenye gurudumu kwa kinyume cha ulivyoupota, utalegea. Kama ni nyuzi zenyewe zilizokaza tangu mwanzo, fumia mkoba.