Kundi la watu wanane, Mount Washington, mwisho wa Oktoba

Ndugu, umeuliza kama wanane mnaoishi Boston, wengi wenu wageni wa theluji, mnaweza kupanda Mount Washington, mlima wa jimbo la New Hampshire, Marekani, na kushuka siku hiyohiyo. Inawezekana, ila mimi nisingeupeleka mchanganyiko huo kileleni mwezi huo.

Urefu wa mita 1,917 usiwadanganye kwa sababu mmezoea kusikia habari za Kilimanjaro. Balaa la pale ni upepo: mwaka 1934 ulipimwa kilomita 372 kwa saa. Kutoka Pinkham Notch, pa kuanzia chini ya mlima, mnapanda karibu mita 1,300, na juu ya mstari wa miti, yaani pale miti inapokoma, hakuna pa kujibanza. Jinzi na fulana za pamba acheni nyumbani, maana pamba ikilowa jasho haikauki upesi, inakugandisha. Vaeni sufu ndani, koti la kuzuia upepo juu. Kila mtu awe na glovu za akiba, tochi ya kichwani, na vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya viatu. Kila mtu, si "tutaazimana".

Jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Anzeni saa moja asubuhi, na saa saba mchana mgeuke popote mlipofika. Aliye mzito wa mwendo atangulie. Akirudi mmoja, asirudi peke yake.

Utabiri wa vilele hutolewa kila siku na kituo cha hali ya hewa cha mlimani. Ukiwa mbaya, nendeni Mount Pierce, mlima mwingine mfupi zaidi wa jirani, kwa njia ya miguu ya Crawford: mita 1,314, na sehemu kubwa mko msituni.